Maji Yana Chanzo, Maneno Je?

Najua nimepotea siku nyingi. Testi zilifuatana kama mabasi ya Msamvu, bumu nalo likachelewa, na mtu huwezi kuandika huku tumbo linaunguruma. Leo nimerudi, na sikurudi kwa salamu tu. Kuna jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita na nisipolitema litanikaba.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye semina ya historia tulipewa kazi ya makundi: tueleze kwa nini Waluguru waliukataa mradi wa kikoloni wa matuta, hapa hapa kwenye milima tunayoiona kila asubuhi tukienda kuchota maji. Makundi yalikuwa kumi na mawili. Makundi tisa yakaandika kwamba vurugu za Matombo zilitokea mwaka 1965. Tisa! Ndugu zangu, mwaka 1965 Tanganyika ilishapata uhuru, ikaungana na Zanzibar, na Mwalimu Nyerere yuko Ikulu. Hao Waingereza wa kuwalazimisha watu kuchimba matuta walitokea wapi? Ukweli ni 1955. Inaelekea kuna mtu, sijui wa mwaka gani, alibonyeza 6 badala ya 5 kwenye kompyuta ya stesheneri. Kazi yake ikawa desa, desa likatolewa fotokopi, fotokopi ikapigwa picha, picha ikaingia kwenye simu, na sisi wasomi wa chuo kikuu tukaimeza kama ilivyo. Katika makundi yale tisa hakuna hata moja lililoandika hiyo 1965 limeitoa wapi. Wangeandika, angalau tungejua pa kwenda kuuliza.

Darasa zima lilicheka. Hata wenye makundi yale tisa walicheka, si mnajua tena, kifo cha wengi harusi. Mimi kicheko kilinikatikia njiani. Sisi ni walimu watarajiwa, jamani. Baada ya muda mfupi tu kila mmoja wetu atasimama mbele ya watoto sitini wa kidato cha pili, ataandika ubaoni "1965", na watoto sitini watanakili "1965" kwenye madaftari yao. Hapo kosa la kidole kimoja limeshakuwa somo la shule nzima.

Kwa hiyo leo nasema bila kupepesa macho: kudesa ni wizi, kutotaja chanzo ni wizi, na visingizio tunavyopeana mabwenini havina miguu ya kusimamia. Najua kuna watakaosema nimeanza kujifanya Baba Askofu. Poa tu. Soma kwanza hadi mwisho, halafu ndio unitukane.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema chanzo, na sisi tunaosoma chini ya Uluguru neno hili tunalisikia kila siku. Mto Ngerengere unateremka kutoka milimani, unaingia Bwawa la Mindu, mji unakunywa. Ruvu inashuka upande wa pili, inapita hadi Pwani, maji yanasafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na mtu wa Kinondoni anafungua bomba anaoga. Hajui kama maji yale yametoka huku na wala hana habari. Lakini siku miti ya huku juu ikiisha, yeye ndiye atakayepanga foleni na madumu. Ndiyo maana tunaimba kila siku "tunza vyanzo vya maji", na msitu wa Uluguru ukafanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Chanzo kinatunzwa kwa sababu kinajulikana. Maneno nayo ni hivyo hivyo. Ukishafuta yalikotoka, yakichafuka hakuna anayejua apande wapi kwenda kuyasafisha.

Na habari ya matuta ina vyanzo, siyo kwamba tulikosa. Waingereza waliogopa mmomonyoko wa udongo wakaja na mradi wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, wakawalazimisha watu kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko. Watu wakachoka, siasa zikaingia, Julai 1955 mambo yakalipuka Matombo, na mradi ukafa. Roland Young na Henry Fosbrooke walichapisha kitabu kuhusu ardhi na siasa za Waluguru mwaka 1960, miaka mitano tu baada ya tukio. Peter Pels alichapisha chake kuhusu wamisionari na Waluguru mwaka 1999. Hao ndio wa kuanzia. Halafu kuna chanzo cha tatu, ambacho ndicho kilichonifanya niandike leo.

Rafiki yangu mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu aliniomba, alipokuwa anaandika ripoti yake ya utafiti hakutaka desa. Alikula bumu lake kwa nauli. Akapanda gari hadi upande wa Matombo, akalala huko siku nne, akazungumza na wazee. Mmoja wao ni bibi aliyepita miaka themanini. Mwaka 1955 alikuwa mtoto, lakini anakumbuka mama yake akirudi jioni na viganja vilivyochubuka kwa jembe. Anakumbuka watu wakilalamika kwamba matuta yamefukia udongo mzuri wa juu na kuleta juu udongo mwekundu ambao mahindi hayautaki. Hayo huyapati kwenye desa lolote. Wakati wa kuagana yule bibi akamwambia: "Mjukuu wangu, ukiandika, andika jina langu. Usiandike bibi mmoja. Wajukuu zangu wanasoma, siku moja watalikuta."

Rafiki yangu akaandika jina, akaandika kijiji, akaandika tarehe. Akapata maksi zake, akashukuru Mungu.

Mwaka uliofuata tukiwa stesheneri moja nje ya chuo (siitaji, na wala siyo ile mnayoifikiria), tukasubiri fotokopi huku tukipekua ripoti zilizorundikwa mezani. Mwenzangu akafungua moja akanyamaza. Sentensi zake. Udongo mwekundu wake. Viganja vya mama yake bibi. Kila kitu kimo, ila jina la mwandishi ni la mtu mwingine, kijiji kimehamishwa hadi wilaya nyingine, na yule bibi amekuwa "Mtafitiwa Na. 7, mwanaume, miaka 62". Bibi wa watu kageuzwa mwanaume! Kapunguzwa umri hadi akawa hajazaliwa mwaka 1955 anaousimulia! Mwizi hata hesabu ya kutoa ilimshinda.

Rafiki yangu alilia. Nilijaribu kumtuliza nikamwambia, "Wewe si ulishapata maksi zako?" Akaniangalia kama mtu asiyenifahamu. Akasema, "Mimi nimepata. Bibi kapata nini?" Sikuwa na jibu. Yule bibi kitu pekee alichoomba ni jina.

Sasa nije kwenye visingizio, maana navijua vyote, vinauzwa bwenini kuliko maandazi.

Kisingizio cha kwanza ni hiki: "Ah, hayo mambo ya kutaja taja ni ya Wazungu. Sisi Waafrika maarifa ni ya wote." Hiki ndicho kinachoniudhi kupita vyote, kwa sababu kinavaa kanzu ya uzalendo. Nani kawaambia mababu zetu walikuwa hawataji? Nenda msikitini, muulize sheikh. Hadithi ya Mtume haipokelewi hivi hivi. Lazima kuwe na mlolongo, fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, na wanazuoni wanamchunguza kila mmoja kama alikuwa mkweli na kumbukumbu yake ilikuwa nzuri. Hiyo ni miaka mamia kabla ya Turnitin. Nenda pwani, watunzi wengi wa tenzi walijitaja jina mwishoni mwa utungo, wengine na ukoo na mwaka. Hata methali tunapoitoa tunasema "wahenga walisema", kwa sababu mtu mstaarabu hataki ionekane kaitunga yeye. Na hapa Uluguru watu wanahesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukifika ugenini utaulizwa wewe wa nani, mama yako wa ukoo gani. Chifu wa Kinole anaitwa Kingalu, na jina hilo linarithiwa ndani ya ukoo, halichukuliwi na kila mpita njia. Huo nao ndio utaratibu wa kutaja kitu kilikotoka. Sasa wewe unayeiba kazi ya mwenzako halafu unasingizia Uafrika, huo Uafrika uliusomea wapi? Nao uliudesa?

Tena tukisema habari za Wazungu, tukumbuke ni nani aliyeumia zaidi kwa kutotajwa. Mnamjua Mtoro bin Mwinyi Bakari? Mtu wa Bagamoyo hapo, siyo mbali na kwetu. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Akaandika habari za mila na desturi za watu wa pwani, kuzaliwa, unyago, ndoa, safari, mazishi, kwa Kiswahili kizuri hadi raha. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kikachapwa Göttingen mwaka 1903. Jina lililokaa kwenye jalada ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Watu wakakijua kama kitabu cha Velten. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Ilibidi ifike mwaka 1981, kwenye tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen, ndipo jina la Mtoro likawekwa kwenye kichwa cha kitabu. Piga hesabu: miaka 78 tangu kichapwe, miaka 54 tangu azikwe.

Tunaposoma habari hizo tunakasirika, tunasema wakoloni walituibia. Sawa, hasira ni halali. Lakini tofauti ya Velten na yule aliyemgeuza bibi kuwa mwanaume Na. 7 ni nini? Naona moja tu: Velten aliacha maneno ya Mtoro yakabaki ya Kiswahili na alimtambua ndani ya kitabu. Yaani mwizi wetu wa stesheneri kamzidi mkoloni.

Na msiseme kwamba zamani utaratibu haukuwepo. Mwaka ule ule wa 1903 A.C. Madan alitoa kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza. Mwaka 1939 ikatoka kamusi kubwa ya Frederick Johnson, ile ambayo wengi tumeiona maktaba imechakaa. Angalia ukurasa wa jina lake. Imeandikwa pale pale, mbele ya macho ya kila mtu, kwamba imejengwa juu ya kamusi ya Madan. Johnson alipungukiwa nini? Hakupungukiwa kitu. Hadi leo tunamwita Johnson na tunajua kwamba alisimama juu ya mabega ya Madan.

Kisingizio cha pili: "Vitabu hamna, maktaba nakala moja, bando ghali, tufanyeje?" Hiki nakiheshimu kidogo kwa sababu kina ukweli. Kweli kitabu kimoja kinagombaniwa na watu mia mbili. Kweli umeme unakatika siku ya kukabidhi kazi. Kweli kuna mtu anasoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Lakini hebu tufikiri taratibu. Umaskini unaeleza kwa nini umesoma vitabu viwili badala ya kumi. Hauelezi kwa nini hivyo viwili hukuvitaja. Kutaja hakuli bando. Kuandika "habari hii nimeitoa kwenye daftari la mwenzangu wa mwaka wa tatu" hakuhitaji umeme. Tena ukiandika hivyo umesema ukweli kuliko anayejaza marejeo ishirini ya vitabu ambavyo hajawahi hata kuviona jalada. Na wa hivyo tunao wengi, wamechukua orodha nzima ya marejeo kutoka kwenye kazi ya mtu, wakaibandika mwishoni kama maua ya plastiki.

Kisingizio cha tatu ndicho cha kisasa: "Mashine imepitisha." Jamaa anatoka amevimba, eti kazi yake imepita Turnitin kwa asilimia ndogo, kwa hiyo ni yake. Wadau, mashine ile inalinganisha maneno na maneno. Haijui nani alipanda mlima. Ukichukua wazo la mtu ukabadilisha "kwa hiyo" ukaweka "hivyo basi", ukageuza sentensi kichwa chini miguu juu, mashine inaweza kukupigia makofi na bado wewe ni mwizi. Upande mwingine, mtu aliyenukuu vizuri, akaweka alama za kunukuu na kutaja, anaweza kuonekana ana asilimia kubwa na hana kosa lolote. Namba ile ni kipimajoto. Kinakuonyesha joto, hakikuambii ugonjwa. Mtu mzima wa kusoma kazi na kuuliza maswali bado anahitajika.

Na hii ya kumwambia ChatGPT akuandikie, ndiyo balaa jipya. Siyo tu kwamba kazi si yako. Hata marejeo yanaweza kuwa ya kubuni. Mwaka 2023 kule New York mawakili walipeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo duniani, zilizotungwa na programu hiyo. Jaji akawapiga faini ya dola 5,000, zaidi ya milioni kumi za kwetu. Mawakili wenye leseni! Sasa wewe wa mwaka wa pili unayeandika "kwa mujibu wa Profesa fulani" ambaye hakuzaliwa, jiangalie.

Cha nne: "Mbona wakubwa wanafanya na wanapeta?" Wengine wanapeta, kweli. Lakini siyo wote na siyo milele. Ujerumani mwaka 2011 waziri wa ulinzi, Karl-Theodor zu Guttenberg, alinyang'anywa udaktari wake baada ya watu kukuta kurasa za wenzake ndani ya tasnifu yake, akajiuzulu. Mwaka 2013 ikawa zamu ya Annette Schavan. Huyu alikuwa waziri wa elimu, wadau, wa elimu! Tasnifu yake ilikuwa ya mwaka 1980. Miaka 33 imepita, chuo kikafungua faili, udaktari ukaondoka na uwaziri ukafuata. Karatasi haisahau. Wewe leo unadhani ripoti yako itaozea stoo. Kesho itaingizwa kwenye kompyuta, na mtoto wa mwaka wa kwanza aliyechoka kusubiri chakula kantini ataifukua.

Kuna na kisingizio kinachojiita biashara: "Nimelipa, kwa hiyo ni yangu." Hapa tuwatazame jirani zetu. Kenya kuna vijana wengi wenye digrii na wasio na ajira ambao kazi yao ni kuandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Mkenya anakesha, Mwingereza anapata shahada. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 imemfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenyewe mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta hao waandishi wasio na majina. Uingereza imeshaweka sheria mwaka 2022 kuzuia biashara hiyo kwa vyuo vya England. Angalia sasa maajabu: kijana wa Nairobi ana akili ya kumpatia mtu mwingine shahada kwenye chuo kikubwa, lakini jina lake halimo popote. Ni Mtoro wa zama hizi, ila huyu jina lake limenunuliwa likazikwa. Na sisi hapa tunaiga upande wa mnunuzi, tunamlipa kijana wa stesheneri elfu kadhaa atubadilishie jalada. Halafu tukimaliza tunalalamika kwamba dunia haiheshimu wasomi wa Afrika. Nani ataanza kuwaheshimu kama sisi wenyewe tunawauza kwa bei ya chipsi mayai?

Wahadhiri nao wasikae pembeni wakichekelea. Kuna handauti tunapewa ambazo hazina hata chanzo kimoja. Kuna slaidi ambazo nimekuja kuzikuta neno kwa neno kwenye kitabu cha watu. Mzee anatukata maksi tano kwa kutotaja, na yeye mwenyewe ukurasa wake hauna baba wala mama. Tunawaheshimu, lakini mtoto wa nyoka ni nyoka. Mkitaka tutaje, tajeni kwanza, tuone inavyofanywa. Na mkitupa maswali yale yale kila mwaka, tangu enzi za kaka zetu, msishangae kukuta majibu yale yale. Desa linaishi kwa sababu swali halifi.

Na tuseme ukweli zaidi: shule ndiyo iliyotulea hivi. Tangu darasa la kwanza amri ya kwanza tuliyoijua ni "nakili kazi ya ubaoni". Aliyenakili vizuri, kwa mwandiko safi, alipigiwa makofi. Sekondari ikawa notisi, jibu la mtihani lazima lifanane na notisi, ukitumia maneno yako unaambiwa umetoka nje ya mada. Miaka kumi na tatu mtu anasifiwa kwa kunakili, mwaka wa kumi na nne anafika chuo anaambiwa kunakili ni kosa la kufukuzwa. Nani alimfundisha njia ya katikati? Hakuna. Kwa hiyo simlaumu anayefika mwaka wa kwanza hajui. Namlaumu anayemaliza mwaka wa tatu hataki kujua, na anakwenda kuwa mwalimu.

Tutaje vipi basi? Siyo elimu ya roketi. Ukichukua maneno ya mtu kama yalivyo, yafunge kwa alama za kunukuu, taja jina, mwaka na ukurasa. Ukichukua wazo lake, funga kitabu kwanza, lieleze kwa kinywa chako kana kwamba unamweleza mdogo wako wa nyumbani, halafu bado umtaje. Ukiwa na habari ambayo umeitoa kwa mtu aliyeitoa kwa mtu mwingine, sema hivyo hivyo. Usijifanye umekisoma cha kwanza. Ukizungumza na mzee, andika jina lake akikubali, mahali na tarehe. Akiomba jina lifichwe, lifiche, kwa sababu ni yeye kaomba. Kulifuta kwa sababu wewe umeliona halina faida ni jambo jingine kabisa.

Na hapo pana kazi ambayo sisi Waswahili tunapaswa kuifanya wenyewe. Mitindo mingi ya marejeo inataka jina la mwisho litangulie. Ukiifuata kibubusa, Mtoro bin Mwinyi Bakari anakuwa "Bakari, M." Umemtoa Mtoro ukamweka baba yake, ambaye hakuandika hata herufi! Yaani hata katika kutaja unaweza kumpoteza mwenye kazi. Mimi naandika Mtoro bin Mwinyi Bakari kama alivyoitwa, moja kwa moja. Mhadhiri akiuliza, namweleza. Mpaka sasa hakuna aliyenikata maksi kwa hilo.

Wapo marafiki wameniambia niache, eti nitajitengenezea maadui, na siku nikikwama hakuna atakayenipa desa. Sawa, wasinipe. Ila kwa wale wenzangu wanaokwenda kufundisha naomba tufanye jambo moja dogo. Ukiingia darasani, mwanafunzi akikupa jibu, usimwambie tu "vizuri, kaa". Muulize: "Umejuaje?" Akisema kasoma, muulize wapi. Akisema kamsikia bibi yake, mwambie aandike jina la bibi. Watoto watazoea, na siku mmoja wao akiona "1965" ubaoni atanyoosha kidole amuulize mwalimu kaitoa wapi. Mwalimu huyo naomba asiwe miongoni mwetu.

Rafiki yangu bado hajaamua kama ataipeleka ile ripoti idarani. Anaogopa maneno ya watu, na aliyeiba ana marafiki wengi. Mimi nimemwambia nitakwenda naye, nitabeba ripoti zote mbili, na ukurasa wa bibi nitauwekea karatasi ya rangi usipotee. Uamuzi ni wake.

Nawasilisha.